Alhamisi Hatupimi

Kila Jumamosi saa moja asubuhi watu saba walishuka chini ya daraja wakiwa na ndoo mbili, reki, magunia, kipimajoto kilichofungwa kamba na sahani nyeupe ya bati. Sahani hiyo ilikuwa imetobolewa katikati na kupitishwa kamba yenye mafundo, kila fundo kiganja kimoja. Unaizamisha kwenye kijito polepole mpaka usiione, kisha unahesabu mafundo, na hapo umepima uwazi wa maji. Baada ya sahani yalifuata mawe. Unainua jiwe, unahesabu walioko chini yake. Konokono wakiwa wengi, kijito kina afya. Ukikuta ruba watupu, kuna jambo.

Walikuwa watu wa kujitolea, maana yake hakuna aliyewatuma na hakuna aliyeweza kuwafukuza. Mwenyekiti wao alikuwa kinyozi. Mwandishi wao alikuwa fundi wa kushona nguo, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Daftari na mtaa mzima, hata na watu aliowashonea nguo za harusi. Sifa yake ilikuwa moja: hakuandika asichokiona. Siku moja Mwenyekiti alimwambia aandike viatu ishirini vimeopolewa. Mama Daftari akavihesabu tena, akapata kumi na tisa, akaandika kumi na tisa, vyote vya mguu wa kushoto. Vya kulia vilikwenda wapi, fomu haikuwa na safu ya kuuliza.

Glavu na mabuti walipewa na kiwanda cha kutia rangi vitambaa vya sare za shule, kilichokuwa juu kidogo ya mtaa, pembeni mwa kijito hicho hicho. Jina la kiwanda liliandikwa mgongoni mwa kila glavu. Kikundi nacho hakikuwa na utovu wa adabu. Kilibandika tangazo kwenye lango la kiwanda: Tunapima kila Jumamosi saa moja asubuhi, karibuni. Lilibandikwa kwa gundi nzuri, na kwa miaka tisa hakuna aliyelibandua.

Kwa miaka tisa hiyo Mama Daftari aliandika mambo yale yale. Uwazi: hadi chini. Rangi: hakuna. Harufu: hakuna. Chanzo cha uchafuzi kinachodhaniwa: hakijulikani. Kitu kimoja tu kilimkera. Maji yalikuwa safi, lakini konokono hawakuzidi saba. Maji kama yale yalistahili konokono mia. Lakini waliokuwepo ni saba, akaandika saba.

Jumanne moja asubuhi aliamka afagie, akakuta kijito kimehamia ndani.

Kilikuwa kimeingia kwa mlango wa nyuma, kikapita jikoni, kikakata sebule, kikaizunguka meza ya kulia bila kuigusa, kikatoka kwa mlango wa mbele na kufuata mfereji wa barabara kurudi bondeni. Kina chake kilikuwa kiganja kimoja. Kilikuja na mchanga wake, mawe yake na konokono wake. Kati ya kabati na cherehani lilikaa jiwe lililopakwa namba 3 kwa rangi nyeupe, mwandiko wa Mwenyekiti, ambalo mpaka Jumamosi iliyopita lilikuwa chini ya daraja. Mama Daftari alilitazama jiwe lile, kisha akatazama sakafu. Alikasirika, maana alikuwa amepiga deki jana yake tu.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao na kuamka kabla ya jogoo, alikuwa tayari kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Nani huyo kaja asubuhi yote hii?"

"Kijito, mama."

"Chetu?"

"Chetu."

"Kimekuja na nani?"

"Peke yake."

Bibi alivuta miguu kukipisha. "Basi weka huo ufagio. Kitaona kama tunakifukuza."

Mama Daftari akaweka ufagio. Jirani wa kwanza alifika kabla ya saa mbili, na beseni la nguo kichwani, akauliza kama anaweza kufua pale sebuleni badala ya kuteremka hadi darajani, ambako maji yenyewe hayakuwepo tena. Bibi alimrudisha mlangoni. "Ndiyo kwanza kimefika, hata hakijapumzika, wewe unakiletea mashuka?"

Mume wa Mama Daftari alirudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni. Alifanya kazi kiwandani mwaka wa ishirini na moja sasa, stoo, kuhesabu majora ya vitambaa. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na mke wake, aliyekuwa haandiki asichokiona, hakuwahi kwenda kuiona hiyo stoo. Alivua viatu mlangoni, akakunja suruali hadi magotini, akavuka.

"Kimeanza lini?"

"Leo."

"Kitaondoka lini?"

"Kiulize mwenyewe."

Hakukiuliza. Alikula akiwa ameweka miguu juu ya stuli, akikitupia jicho mara kwa mara, kama mtu aliyemkuta mwalimu wake wa zamani amekaa sebuleni kwake.

Kesho yake Mwenyekiti alikuja na mkasi wake mfukoni. Aliinama akalichunguza jiwe.

"Kituo Namba Tatu kimehama."

"Kimehama, Mwenyekiti."

"Kimefuata utaratibu?"

"Sidhani."

Mwenyekiti alifikiri. Kuhamisha kituo kulihitaji kikao, na kikao kilihitaji watu watano, na siku ya katikati ya juma watu watano hawapatikani. "Basi Jumamosi tutapimia hapa hapa," alisema. "Sogeza meza kidogo."

Siku hiyo hiyo, Jumatano, Mama Daftari alihesabu konokono kwa raha yake tu. Walikuwa arobaini na wawili. Alihesabu mara mbili. Kwa miaka tisa hajawahi kuona zaidi ya saba, na sasa walikuwa arobaini na wawili chini ya kabati lake mwenyewe. Alifurahi mpaka akamwambia mama mkwe, na mama mkwe akasema ni kwa sababu nyumba ina upendo.

Alhamisi saa tisa alasiri alikuwa kwenye cherehani akipinda suruali. Konokono hawana sauti, lakini aliona wamebadilisha mwendo. Walianza kupanda. Walipanda miguu ya meza, miguu ya cherehani, miguu ya kiti cha bibi, na mmoja alianza kumpanda bibi mwenyewe. Saa tisa na dakika kumi rangi ya bluu iliingia kutokea jikoni. Haikuwa na haraka. Ilijaa ukingo hadi ukingo, ikitoa mvuke mwembamba na harufu ya pasi ya moto juu ya nguo mbichi, pamoja na kitu kingine kilichouma pua. Ilizunguka meza kwa adabu ile ile ya kijito, ikatoka mlango wa mbele.

"Mgeni wako anaumwa," alisema bibi, akainua miguu.

Mama Daftari alivaa miwani, akachukua daftari. Alhamisi, saa tisa na dakika kumi. Rangi: bluu. Harufu: ipo. Joto: nyuzi thelathini na nane. Kufika Ijumaa jioni maji yalikuwa meupe tena. Konokono waliobaki hai walikuwa kumi na mmoja. Aliwaokota waliokufa akawaweka kwenye kifuniko cha sufuria, na alipofika wa ishirini akaanza kulia. Alilia huku akihesabu, ili asikosee.

Jumamosi saa moja kikundi kilifika na mabuti yake. Walipiga hodi, wakakaribishwa, wakaingia moja kwa moja kijitoni. Sahani ilizamishwa karibu na cherehani. Uwazi: hadi chini. Rangi: hakuna. Chini ya kochi waliopoa chupa mbili za plastiki, balbu iliyoungua na kiatu cha mguu wa kushoto cha mwenye nyumba, ambacho Mama Daftari alisema si taka. Mwenyekiti alisema kikishaingia kijitoni ni taka. Walibishana, na hatimaye kiatu kiliandikwa na kurudishwa.

"Kama kawaida," alisema Mwenyekiti akifunga gunia. "Safi kabisa."

"Alhamisi kilikuwa bluu."

Watu watano wakaangalia glavu zao.

"Alhamisi hatupimi," alisema Mwenyekiti.

"Nyinyi hampimi. Mimi nimepima."

"Kwa fomu ipi?"

"Hii hii."

"Fomu hiyo juu kabisa imeandikwa Jumamosi." Mwenyekiti akashusha sauti, ingawa kila mtu alikuwa umbali wa mkono mmoja. "Mama Daftari, hawa watu wametuvalisha. Usitutie aibu. Na isitoshe hujui ni wao. Juu kule kuna mambo mengi."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alijua ni rangi, lakini nani aliyeimwaga hakumwona kwa macho yake. Kwenye safu ya chanzo aliandika: hakijulikani.

Alhamisi ya pili ikaja ya kijani. Ya tatu ikaja ya kijivu. Mtaa ukazoea. Wazazi walianza kupita alasiri kuchungulia mlangoni ili wajue shule ipi imeagiza sare, wakawahi madukani kabla foleni haijawa ndefu. Mama Daftari mwenyewe alizishona sare hizo hizo, na hakuna aliyewahi kumrudishia nguo akilalamika imechuja. Haikuweza kuchuja. Kilichokuwa cha kuchuja kilikuwa kimeshachujia sebuleni kwake.

Siku za Alhamisi mumewe alichelewa kurudi. Alisema stoo kuna kazi nyingi. Alivuka maji ya rangi bila kuyatazama, akaenda kunawa miguu bombani, akalala akiwa ameelekea ukutani. Mama Daftari alidhani ni uchovu. Mtu anayehesabu majora kutwa nzima ana haki ya kuelekea ukutani.

Wiki ya saba, siku ya Jumatano, mgongo wa mumewe ulikaza akiwa anainama kufunga kamba za viatu, akabaki ameinama hivyo hivyo mpaka alipobebwa kitandani. Alhamisi hakwenda kazini. Mama Daftari alimkanda kwa maji ya moto, akampa uji, akamfungulia redio. Kuanzia saa nane mume hakusikiliza redio. Alikuwa akitazama saa ya ukutani.

Saa tisa ikafika. Saa tisa na dakika kumi ikafika. Maji yalibaki meupe, na konokono walikuwa wametulia chini ya mawe yao. Mume alianza kutoka jasho.

"Homa?" aliuliza Mama Daftari.

"Hapana."

Saa tisa na dakika ishirini simu ya mume ililia. Alimtazama mkewe, akatazama simu, akatazama dari, akapokea.

"Hallo... Uko kwenye koti langu la kazi, nyuma ya mlango. Ufunguo mkubwa... Sio koki ya juu, ya juu ni ya mvuke, utaungua. Ya chini. Zungusha kushoto... Kushoto kwako... Mara kumi na mbili. Polepole, ina kutu... Hesabu nikusikie. Tatu. Nne."

Mama Daftari alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba na sindano mdomoni. Alisikia mume wake akihesabu kuanzia tatu mpaka kumi na mbili, mizunguko kumi. "Basi," alisema mume kwenye simu. "Asante. Ukimaliza urudishe ufunguo mfukoni." Akaiweka simu chini ya mto.

Kutoka kiwandani hadi sebuleni kwao ni dakika kumi kwa mwendo wa kijito. Mume alikaa kitandani, mke akasimama mlangoni, wote wakitazama upande wa jikoni.

"Chai bado?" aliita bibi kutoka sebuleni.

"Subiri kidogo, mama," alisema Mama Daftari. "Kuna kitu kinakuja."

Kilikuja. Ilikuwa rangi ya damu ya mzee, nzito, na konokono walishaanza kupanda.

"Stoo," alisema Mama Daftari.

"Koki iko karibu na stoo."

"Miaka tisa naandika hakijulikani. Miaka tisa nalala nacho! Nakikanda mgongo!"

"Ningekwambia ungeandika."

"Ningeandika, ndiyo!"

"Ndiyo maana." Mume alijaribu kugeuka, mgongo ukakataa. "Wewe ulikuwa unapima Jumamosi, mimi nafungua Alhamisi. Niliona tunaweza kuishi hivyo mpaka nistaafu. Nimebakiza miaka miwili, Mama. Wakinifukuza leo na mgongo huu, nani atanichukua? Kwenye daftari lako humbakizi mtu. Hata kiatu changu umekiandika."

Bibi, ambaye miguu yake miwili ilikuwa juu ya kiti na masikio yake mawili yalikuwa chumbani, alisema bila kupaza sauti: "Nimekuzaa, nimekuogesha, nimekutoa kamasi. Leo unanimwagia sare za shule miguuni."

Mume akafunika uso kwa shuka.

Tuseme ukweli, Mama Daftari alimpenda mumewe. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hakuwahi kumnyima chakula wala kumsema kwa majirani. Sasa ilimbidi achague, na hakuna mtu wa kumwomba ushauri kwa sababu wote ambao angewaomba walikuwa wamevaa glavu. Akiandika, mume anakosa kazi na hapati nyingine. Asipoandika, neno "hakijulikani" litakuwa uongo wa kwanza katika daftari lake, na mtu akishaandika uongo mmoja, hata viatu kumi na tisa havina maana tena. Siku mbili alikaa na kalamu mkononi. Alikosea kukata suruali mbili, moja ikawa kaptura.

Siku ya tatu alimpa mume nafasi. "Mgongo ukipona, kawaambie wakutafutie kazi nyingine. Wakupeleke stoo ya kweli. Mimi nitasubiri Alhamisi moja."

Mume aliahidi. Alhamisi ya nane alirudi mapema, akasimama katikati ya sebule, maji ya njano yakimpita kwenye vifundo vya miguu.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nifungue taratibu."

Alikuwa amesema kweli. Ile njano ilichukua saa mbili kujaa ukingo hadi ukingo.

Basi Mama Daftari aliandika. Alikaa mezani, akachukua fomu mpya, akaijaza kwa mwandiko wake wa fundi, herufi zilizonyooka. Chanzo cha uchafuzi kinachodhaniwa: mume wangu. Mahali kinapopatikana: hapa hapa, chumba cha kwanza, upande wa ukutani. Je, chanzo kimearifiwa? Ndiyo. Kimechukua hatua gani? Kimenuna. Akaambatanisha kumbukumbu za Alhamisi zote nane, na saa, na joto, na rangi, na idadi ya konokono, na mizunguko ya koki aliyoisikia ikihesabiwa.

Asubuhi mumewe aliikuta fomu mezani pembeni ya kikombe cha chai. Aliisoma yote, taratibu, akifuata mstari kwa kidole. Mama Daftari alikuwa amesimama jikoni, akisubiri ichanwe.

"Koki ni mizunguko kumi na mbili," alisema mume. "Hapa umeandika kumi."

Mama Daftari akaja, akarekebisha. Alishukuru. Mume akavaa koti lake akaenda kazini, na mke alikaa chini akalia mara ya pili mwaka huo, safari hii bila kuhesabu chochote.

Ofisi ya maji ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo lenye lifti isiyofanya kazi. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye feni mezani na jiwe juu ya kila rundo la karatasi, ili feni isizipeperushe. Alisoma fomu kwa makini.

"Kituo Namba Tatu kiko wapi?"

"Sebuleni."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Pole," alisema Afisa, na alionekana kumaanisha. "Sasa mama, sisi tunashughulika na vijito. Maji yakishakuwa ndani ya kuta nne yanaitwa maji ya nyumbani. Ya nyumbani ni juu ya mwenye nyumba."

"Kinaingia mlango wa nyuma, kinatoka mlango wa mbele."

"Kikitoka mlango wa mbele kinaingia wapi?"

"Mfereji wa barabara."

"Mifereji ni ghorofa ya tatu."

Alipanda hadi ghorofa ya tatu kwa ngazi. Ghorofa ya tatu walimwambia maji yenye konokono si mfereji, ni kijito, na vijito viko chini. Akateremka. Afisa alikuwa bado anamsubiri, akamletea kiti na glasi ya maji. Alimwambia hajawahi kuona kumbukumbu nzuri kama zile katika maisha yake ya kazi. Aligonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye kila ukurasa, hata ule uliokuwa mtupu, akaliweka lile bunda lote chini ya jiwe.

"Nakala nitaipeleka kiwandani," alisema. "Utaratibu unataka mtuhumiwa naye aone."

"Mtuhumiwa ameshaona. Ndiye aliyesahihisha mizunguko."

"Hata hivyo."

Kwa wiki mbili Mama Daftari hakulala vizuri. Kila jioni alimtazama mumewe akivua viatu mlangoni, akitafuta usoni pake dalili kwamba leo ndiyo siku. Mume naye alikuwa ameshaanza kuleta vitu vyake nyumbani kimyakimya, kikombe, kandambili, ile kalenda yake ya ukutani. Kikundi hakikuja Jumamosi zote mbili. Mwenyekiti alituma ujumbe kwamba ana wateja wengi, wakati kila mtu alijua kichwa kilichobaki kunyolewa mtaani ni chake mwenyewe.

Kisha barua mbili zikafika siku moja.

Ya kwanza ilitoka ofisi ya maji, kwa Mama Daftari. Ilisema imebainika kuwa anahifadhi maji ya rangi katika nyumba ya makazi, na anatakiwa ndani ya siku kumi na nne kuweka kibao cha tahadhari mlangoni, kwa usalama wa wageni. Bibi aliuliza kama kijito nacho ni mgeni au ni mwenyeji. Barua haikusema.

Ya pili ilitoka kiwandani, kwa mume, na ndani yake kulikuwa na cheti kwenye fremu. Mume alisoma kwa sauti, kwa sababu mama yake alidai. Barua ilisema kwamba menejimenti imepitia kumbukumbu za wiki nane zilizowasilishwa na mdau wa mazingira, na imegundua kuwa katika muda wote huo mfanyakazi huyu alifungua koki kila Alhamisi saa tisa kamili bila kuchelewa hata dakika moja. Isipokuwa wiki aliyougua, na hata hiyo alifungua kwa simu, kutoka kitandani. Kumbukumbu za uhakika kama hizo kiwanda hakijawahi kuwa nazo. Kwa hiyo anatunukiwa cheti cha mtunza muda bora. Na kwa kuwa watu wa kuaminika namna hii ni adimu, hatastaafu baada ya miaka miwili kama ilivyopangwa. Ameongezewa mitatu.

Mume aliisoma tena. Kisha akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, ndani ya maji, na suruali yake ya kazi.

"Mitano," alisema.

"Hongera," alisema bibi. Alikuwa mama, na mwanawe hakuwahi kuleta cheti nyumbani tangu darasa la pili. Akaagiza msumari.

Mama Daftari alikunja gauni lake, akakaa karibu naye majini. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga, na hakujua aanze na lipi. Aliogopa wiki zote hizi kwamba kalamu yake itamwondoa mumewe kwenye koki, na kumbe imemfunga nayo. Mume aliweka mkono wake juu ya goti la mkewe. Maji yalipita katikati yao, baridi, safi hadi chini, maana ilikuwa Jumatatu.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilirudi chote na glavu mpya. Mwenyekiti alisoma kibao cha tahadhari mlangoni, akakisifu mwandiko, akakisoma na cheti ukutani, akampa mwenye nyumba mkono. Walipima. Uwazi: hadi chini. Rangi: hakuna. Walipofika safu ya chanzo, Mwenyekiti alimwomba Mama Daftari, kwa heshima zote, aandike kwa kifupi. Aliandika: yule yule.

Kijito hakikuondoka. Wageni walijifunza kuvua viatu, na mafundi wa umeme wa mtaa ule walijifunza kuweka soketi juu. Siku za Alhamisi, ikifika saa nane unusu, Mama Daftari huacha cherehani, hupiga magoti na kuanza kuwaokota konokono mmoja mmoja na kuwaweka kwenye beseni la maji safi. Bibi huwaonyesha kwa fimbo wale aliowaruka. Si wote wanaoshikika. Kuna wanaojificha nyuma ya kabati, na kabati ni la mninga, halisogei.

Ijumaa jioni, maji yakishakuwa meupe, kuwarudisha ni kazi ya mumewe. Hakuna aliyempangia. Hurudi kutoka kazini, hukunja suruali, huchuchumaa pale penye jiwe namba tatu na beseni pembeni yake, akawashusha majini kwa mikono yake iliyoingia rangi kwenye kucha, polepole, na kila mmoja humsubiri ashike jiwe kabla hajamwachia. Mgongo humuuma, lakini hamalizi haraka. Mkewe huwa mezani akiandika.

Ijumaa hii alipomaliza aligeuza beseni akalikung'uta.

"Wote wapo?"

"Sita wamekufa. Wa nyuma ya kabati."

Mume alibaki amechuchumaa, akitazama kabati.

"Waandike," alisema.

"Nimeshawaandika."